Kutoka Wete hadi Tunguu

Tangu nilipoondoka Wete, kisiwani Pemba, kuja kusoma chuo hapa Tunguu, Unguja, kilichonielemea zaidi si masomo yenyewe bali kuishi dakhalia (bweni la wanafunzi) bila ya mtu wa kunigongea mlango alfajiri, jambo ambalo nyumbani nililiona kero. Inapokaribia mitihani, moyo hunienda mbio hata nikiwa nimejilaza, na chai ya rangi ya usiku huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo hufunga daftari mapema, kwa kuwa usingizi ndio unaoisaidia akili kuhifadhi yaliyosomwa, na jioni hutoka na wenzangu kwenda kunywa urojo (pilipili nyingi, na mazungumzo zaidi). Mama nampigia simu kila Ijumaa, na siku hizi simfichi ninapoelemewa.