Nina jina, mwalimu

Tangu Jumanne sijatulia. Barua ya posa ya mdogo wangu imepokelewa, theluji imefunika magari yote nje, mtihani wa takwimu nimefaulu, lakini kichwani nina sentensi moja tu: "Nina jina, mwalimu."

Aliyesema ni mtoto wa kwenye skrini. Yale mazoezi ya kufundisha darasa la uhalisia pepe, yaani wanafunzi wa kuchorwa kwa kompyuta, niliyowaeleza mwezi uliopita yameanza. Unasimama mbele ya skrini kubwa, watoto watano wako kwenye madawati wanakutazama, nawe una dakika 5 za kuongoza mjadala. Mimi niliyefundisha darasa la nne lenye wanafunzi 93 niliona watano ni kama kunywa maji. Yule wa nyuma akaanza kupiga mluzi, taratibu. Nikamwambia kwa sauti yangu ile ile ya nyumbani, "Wewe wa nyuma, acha."

Akaacha. Akanikazia macho. "Nina jina, mwalimu."

Na jina lake lilikuwa kwenye karatasi niliyoishika mkononi! Nikajibu, "Najua." Basi. Nikaendelea na mjadala. Tangu hapo kila nikipiga mswaki, kila nikipanda basi, natafuta jibu nililopaswa kutoa. "Samahani, nimekosea." Lingetosha.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba watoto wale wana mtu nyuma yao. Yuko chumba kingine, anakusikia, anawasemea. Hata TeachLivE, mfumo wa darasa la namna hii wa Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, ulijengwa hivyo. Mluzi najua alielekezwa apige. Ile sentensi je, aliandikiwa, au ilimtoka moyoni aliponisikia?

Mkufunzi hakunikaripia. Tulikaa dakika 5. Akanieleza kuwa huko Virginia walilinganisha walimu wanafunzi walioelekezwa kidogo kati ya zoezi na zoezi na wale walioachwa wajitafakari peke yao, wakachapisha matokeo mwaka 2020: walioelekezwa ndio waliosonga mbele. Kisha akasema, "Anza na jina. Halafu mwambie unachotaka afanye."

Nikarudi. Mluzi tena. Nikamwita kwa jina, nikamwambia arudi kwenye swali la pili, nataka kusikia anaonaje. Akajibu, tena vizuri! Nilitoka pale nikitembea kwenye theluji huku nacheka, baridi hata siisikii.

Usiku nikafungua daftari nianze kuandika majina ya wale 93. Nimefika 41. Yule wa dirishani, aliyenibebea chaki kila asubuhi, sauti yake ninayo kabisa, "Shikamoo mwalimu" yake ya kuvuta. Jina halijaja.

Mama hapokei simu tangu jana. Shangazi anasema atakuwa shamba, ila mama haendi shamba Alhamisi, na dawa zake za presha zilikuwa zinaisha wiki hii.