Siku moja ya mtafsiri wa muvi: leo tumevamiwa mwezini

Saa tisa usiku niko macho, na si ulevi kama jirani mmoja anavyoeneza. Mimi ni DJ wa kutafsiri muvi hapa Pasua, Moshi. Usiku ndio nafanyia kazi: mashine ya kusaga imezimwa, bodaboda wamelala, na chumba nilichokipigilia sponji za godoro ukutani kinatulia. Watu wanadhani tunaropoka tu juu ya picha. Mwenzenu narudia kusikiliza kila sentensi, natafuta maneno yatakayoisha kabla mwigizaji hajafumba mdomo, halafu mzee, binti na zimwi wote nawasemea kwa koo hili hili.

Leo ni muvi ya kambi ya siri mwezini. Wanajeshi wamejichimbia upande usioonekana kutoka duniani, viumbe wa anga za mbali wanakuja kuwavamia. Kamanda nimempa jina la Mangi. Nilirekodi hadi jogoo walipoanza fujo zao. Chai, chapati, usingizi.

Saa sita mchana akaja bosi wa maktaba ya muvi, ndiye anayenilipa. Akavaa hedifoni, akakunja uso.

“Dogo, mbona hapa kimya? Mzinga umelipuka, sisikii kitu.”

“Kaka, mwezini hakuna hewa. Mlio hausafiri. Hata wenye muvi yao wamenyamaza.”

“Mteja analipa asikie. Hajalipa kunyamaziwa.”

Nikamwelewesha, akahamia kwingine: hiyo kambi, mbona darubini haziioni? Nikamwambia mwezi unajizungusha kwa muda ule ule unaotumia kuizunguka dunia, siku 27 hivi, ndiyo maana tunaonyeshwa uso mmoja tu. Kisogo chake kilipigwa picha kwa mara ya kwanza mwaka 1959, na chombo cha Wasovieti, Luna 3. Wachina wakatua huko 2019. Macho yakamtoka.

“Kwa hiyo Wachina wana kambi?”

“Hapana, kaka. Kile chombo hakikuwa na mtu.”

“Wewe ulikichungulia?”

Tukaenda hivyo mpaka saa nane, ugali unapoa. Nilipomwambia gunia la mahindi la kilo 100 huko angelibeba kama debe moja, maana uvutano ni moja ya sita ya huu wetu, akauliza mbona Mangi anatembea kama yuko sokoni Mbuyuni. Hapo nikamkubalia. Muvi imedanganya.

Umeme ukakatika, naye akaondoka. Nilishukuru giza.

Ulirudi jua likizama. Nikawaza: nje hakuna mlio, sawa, lakini ndani ya kofia ya Mangi hewa ipo, na pumzi zake zinasikika. Nikazunguka nyumba mbio mpaka mapafu yakawaka moto, nikarukia maiki nikihema. Mama mwenye nyumba akagonga mlango: “Baba, pumu imekushika?” Hodi yake ikaingia kwenye rekodi, nikatoka kukimbia tena.

Sijui ilikuwa saa ngapi kiumbe wa mwisho alipokufa. Koo limechanika, tangawizi imeisha, faili limeenda. Bosi akapiga hapo hapo.

“Zile pumzi zinatisha, dogo! Sehemu ya pili lini?”

“Kaka, viumbe wameisha wote.”

“Wafufue. Halafu safari hii mzinga ulie.”