Kipande cha Mwisho

"Mama, nirushie buku mbili nimalizie."

Binti yangu alisema hivyo juzi jioni bila kuinua macho kwenye simu. Nikamuuliza amalizie nini. Akanigeuzia kioo: simulizi ya mwanamke mmoja anayeandikia WhatsApp, sehemu ya 14, na chini yake lile neno kwa herufi kubwa, ITAENDELEA. Sehemu 14 ni za bure, zilizobaki unalipia kwa simu ndipo unaingizwa kwenye grupu. Nilizisoma zote pale pale jikoni nimesimama, mpaka wali ukashika chini. Nilipofika kwenye ITAENDELEA nikahisi ile njaa. Naijua. Mara ya kwanza kunishika nilikuwa kidato cha pili, mwaka 1994.

Kitabu chetu kilifika bwenini bila jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake hatukulijua, wala la mwandishi. Kilikuwa kimechanwa vipande vitano, kila kipande kimeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi, ili wasichana watano wasome kwa mpigo. Usiku mmoja kipande kimoja, asubuhi mnapokezana. Wapo walioanza na kipande cha tatu wakarudi cha kwanza, na hawakulalamika. Mimi nilikipata kwa mpangilio, nikakisoma ndani ya shuka kwa tochi ya betri mbili, ambazo mchana nilizianika juani zirudishe nguvu.

Ilikuwa riwaya ya binti wa mji wa pwani aliyeozwa kwa mtu anayemdai baba yake. Akajifunza cherehani kwa siri, akawa anafunga akiba yake kwenye pindo la kanga. Mapenzi yalikuwemo, tena mazuri. Lakini kilichonikalisha kitako ni aya moja kwenye kipande cha pili. Binti anafua vitambaa vyake vya mwezi usiku, anavianika kambani, halafu juu yake anatandaza kanga ili wanaume wa nyumba ile wasivione. Mistari minne tu. Nyuma ya bweni letu kulikuwa na kamba, juu ya kamba kanga, chini ya kanga vitambaa vyetu, vikikauka kwa taabu bila jua. Sikuwahi kudhani kitu kile kinaweza kupigwa chapa. Vitabu vya darasani vilikuwa na wasichana wengi, wakipata mimba, wakifukuzwa nyumbani, wakifa, na hata mmoja wao hakuwahi kufua kitambaa.

Nikamwambia mwenzangu wa kitanda cha juu, "Huyu aliyeandika ni mwanamke."

Akajibu, "Mimi nilijua tangu alipofunga hela kwenye pindo."

Kipande cha tano kilikamatwa kabla zamu yangu haijafika. Kilichomwa asubuhi mstarini pamoja na barua za wavulana. Niliyejua amekisoma ni mmoja tu, yeye wa kitanda cha juu, na usiku ule, taa zilipozimwa, nikamsihi anihadithie.

Alishuka akalala ubavuni mwangu, mdomo karibu na sikio. Alikuwa mtu wa Kirando, Ziwa Tanganyika, na alisema polepole, kama anayepita mahali penye tope. Yule binti ametoroka, akasema. Amepanda MV Liemba, ile ile ya Wajerumani tuliyoisoma kwenye historia. Ana mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kanga mbili. Meli haifiki ufukoni, inasimama majini usiku, inapiga honi, na mitumbwi inakuja mbio kutoka gizani ikigombania abiria. Inagonga ubavu wa meli, ko, ko, ko. Watu wanarushiana magunia ya dagaa, kuku wanalia, mtu anataja jina la mtu. Binti anampitisha mtoto kwanza, kwa mikono ya mwanamke asiyemjua. Kisha anaishusha cherehani kwa kamba. Wimbi linauvuta mtumbwi, kamba inakimbia kiganjani, inamchana, na yeye haiachii. Damu inateremka mpaka kwenye kiwiko, haiachii. Mtu chini anapiga kelele kwamba imefika. Hapo ndipo anageuka, anatafuta ngazi kwa mguu, mtumbwi unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

"Halafu?"

"Akashuka."

"Halafu?"

"Kitabu kimeishia hapo." Akapanda kitandani kwake.

Sikujiuliza binti wa pwani amefikaje Ziwa Tanganyika. Reli ya kati inafika Kigoma, hilo likanitosha.

Miaka ikapita haraka. Siku ya mahafali ya kidato cha nne mama yake alikuja, fundi cherehani, safari ya siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akanipa mkono wa kulia na kuushika wangu kwa muda. Katikati ya kiganja chake kulikuwa na mstari mgumu, umekatiza kutoka kidole cha shahada hadi chini. Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa anaangalia pembeni. Huenda lilikuwa kovu la jembe, au la kisu cha samaki. Sikuuliza, na baada ya siku ile hatukuonana tena.

Kile kitabu nimekitafuta tangu hapo, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pale Posta, Dar es Salaam. Katika kukitafuta nikampata Martha Mvungi na *Hana Hatia*, Ndyanao Balisidya na *Shida*, vyote vya 1975. Nikampata Zainab Burhani na *Mali ya Maskini* ya 1981. *Mwisho wa Koja* yake ni ya 1997, nilijua fika hakiwezi kuwa chenyewe, nikakinunua vilevile na kukimaliza usiku mmoja. Siku hizi nasoma hata wanaoandikia kwenye simu, na kila mmoja namsubiri afike kwenye kamba ile. Baadhi yao hufika, na nikifika nao huwa nafunga simu kwanza, nikae kimya kidogo.

Kuna siku natamani nikione kile kitabu, kurasa zote. Kuna siku naogopa kwamba mwisho wake hauna Liemba.

Nilimrushia binti yangu zile elfu mbili. Wakati anasubiri kuingizwa kwenye grupu nikamsimulia haya yote, na nilipofika ubavuni mwa meli akaiweka simu chini.

"Kwa hiyo mama, alishuka?"

"Alishuka."

"Na cherehani?"

"Ilitangulia."