Chokaa ya Gede

Juzi kijana wangu kaniletea simu nione video, mzungu flani yuko Gede, huku kwetu pwani ya Kenya, drone inapita juu ya magofu, muziki wa kutisha, ati mji uliopotea hakuna ajuaye nani aliujenga, pengine watu wa bara lililozama baharini, pengine viumbe wa angani. Akaniuliza, "Baba, kwani sisi tulikuwa wapi?" Nikamwambia zima hiyo kitu ukaoge. Lakini usingizi siku hiyo haukuja.

Gede nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita, enzi za GHC, lile somo la jiografia, historia na uraia. Safari yenyewe siikumbuki sana, tulibanana, tukaimba, kima wakampokonya mtu ndizi, basi. Ninachokumbuka ni ukuta. Ticha yuko mbele anasoma daftari lake, msikiti mkuu, jumba la mfalme, kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, mabakuli ya China, na kila akimeza mate ni Waarabu. Waarabu walijenga, Waarabu walichimba visima, Waarabu wakahama. Mi niko nyuma nimeegemea ukuta, plasta imebanduka pale, nikaingiza kidole. Ndani ni vipande vya mawe ya matumbawe vimeshindiliwa ovyo ovyo, na katikati yake chokaa nyeupe yenye vichembe vyeusi vya mkaa. Hivyo vichembe nilivijua! Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Anapanga magogo mduara, anarundika mawe juu, anawasha usiku upepo ukishatulia, moto unakula mpaka asubuhi, halafu mawe yanamwagiwa maji yanapasuka yanakuwa unga, na mkaa lazima ubaki humo hata uchekeche vipi. Nikachokonoa kimoja, nikakisugua kwa vidole, kikaacha weusi uleule niliokuwa nao kwenye mikono kila likizo.

Nikanyoosha mkono. "Ticha, hii ndo chokaa anayochoma babu."

Darasa zima likaangua kicheko. Ticha akasema basi huyo babu yako ajenge kwanza nyumba yake ya mawe, akaendelea na visima.

Mtihani ukaja na swali lake: Mji wa Gede ulijengwa na nani? Waarabu, Wareno, Wahindi au Waajemi. Mwafrika hakuwekwa hata kwenye majibu ya kukosea. Nikachagua Waarabu kama wenzangu, nikapata tiki. Nilipomhadithia babu hakukasirika wala nini, aliuliza tu, "Na kuni walikata wapi?" halafu akataka kujua kama askari wa pale wanaruhusu watu kuokota kuni.

Kusema kweli ticha simlaumu sana. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Gede 1948, kitabu chake cha 1954 alikiita mji wa Kiarabu tangu kwenye jalada, sa mwalimu wa darasa la sita angetoa wapi jingine? Ni baadaye sana wachimbaji wengine walipofika Shanga, kule kisiwa cha Pate, ndo wakakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti ya udongo na miti, mmoja juu ya mwingine, watu walewale wanajenga na kuboresha polepole. Kisha 2023 ukatoka utafiti wa DNA ya mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, wengi upande wa mama ni Waafrika na upande wa baba Waajemi. Yaani hata ticha alikuwa na robo ya ukweli, na mwaka uliofuata UNESCO wakaiweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wa dunia, sawa, ila wa nani hasa?

Kuna jamaa yangu wa Lamu nikianza hii story ananikata palepale. Ati nyinyi Wagiriama mlishuka kutoka Shungwaya, kule kaskazini mnakosimulia ndiko asili yenu, mkakuta magofu, sasa mnadandia. Namwambia we nawe ukivaa kanzu mpya tu tayari babu yako katoka Shirazi kule Uajemi. Tunabishana hivo, kila mtu na ukoo wake, tunafika mpaka kwa Wareno, tunafika mpaka kwa Waoromo, ila nikimuuliza kuni zilikatwa na nani anasema hayo ni mambo ya vibarua.