Kijana na mwezi wa Ramadhani nyumbani

Ramadhani huwakalisha wazazi na vijana wa mwambao kwenye mkeka mmoja kila magharibi, mwezi mzima. Miezi mingine nafasi hiyo ni adimu. Kinachoiharibu ni usingizi: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku, naye akitoka tarawehe (sala ya usiku ya Ramadhani) hukesha na simu mpaka daku (mlo wa kabla ya alfajiri), kisha shule. Ile hasira ya mchana tunayoisingizia njaa mara nyingi ni usingizi tu. Simu zikae kwa mama baada ya tarawehe, na kijana akirudi kutoka shule alale kidogo.

Daku ya chai na mkate mtupu haifiki mbali. Mpe maharage, mayai au muhogo, na maji kidogo kidogo tangu futari.

Binti aliye hedhini hafungi, hulipa siku hizo baadaye. Lakini nyumba nyingi humwacha ajifiche kunywa maji, na hilo linamuumiza sana. Mama amwekee chakula jikoni bila maneno, na kaka zake wakatazwe kumuuliza, "Mbona hukufunga?" Kijana mwenye kisukari anayejidunga insulini aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.