Kilima kimoja kwenye spektra kilivyonifanya nikosee kwaza

Nilijipa kazi ya kupitia spektra (grafu zinazoonyesha mwanga una nguvu kiasi gani kwenye kila urefu wa wimbi) za SDSS, mradi wa kupima anga, data zake ziko wazi kwa yeyote, nikachagua vidoa vya bluu ambavyo kwenye picha ukiviangalia ni nyota tu, nukta basi. Jibu la kompyuta ya mradi nililificha makusudi, nilitaka kutambua mwenyewe ipi kwaza, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno kwa gesi inayozunguka shimo jeusi, ipi siyo.

Vibete vyeupe, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, nilivitoa chapchap. Navyo ni bluu ila haidrojeni yake inachimba mabonde mapana kwenye grafu, kwaza inafanya kinyume, inainua vilima, tena vinene maana gesi inazunguka shimo jeusi kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde.

Shida ikaja kwenye kidoa chenye kilima kimoja tu, angstromu 5040 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi). Nikashangilia peke yangu, hii Lyman alfa hii, mstari wa haidrojeni, asili yake 1216, basi redishifti (kiasi mawimbi yalivyonyooshwa njiani na kutanuka kwa ulimwengu) 3.14, yaani mwanga umetembea zaidi ya miaka bilioni 11! Nikaandika nikaenda kulala.

Kesho yake nikapiga hesabu ambayo ningeipiga jana, kama ni Lyman alfa kweli basi kilima cha kaboni, ambacho asili yake ni 1549, lazima kiwe 6420, naangalia 6420 bapa kabisa. Halafu upande wa bluu wa kile kilima ulikuwa laini, wakati kwaza ya mbali hivyo upande huo unakuwa umetafunwatafunwa na haidrojeni iliyoko njiani. Hapo nikajua nimechemsha.

Nikajaribu kilima cha magnesi, asili yake 2798, ikatoka redishifti 0.80. Sasa kama ndivyo, oksijeni yenye mistari miwili 4959 na 5007 inaangukia 8931 na 9018, kule kwenye vurugu za mwanga wa anga letu wenyewe la usiku ambazo hazifutiki vizuri, na ndio maana sikuhangaika hata kuangalia huko. Nikalainisha grafu nikavuta karibu, jamani vipo viwili! Cha 9018 kirefu kama mara tatu ya mwenzake, inavyotakiwa, na H-beta, mstari mwingine wa haidrojeni, nene pale 8755. Kwaza ni kwaza kweli, ila mwanga wake una miaka bilioni 7 hivi. Nikafunua jibu la kompyuta, 0.80.

Kuna kingine bado nimekiwekea alama ya kuuliza, kilima chake pekee kimejikalia 5577, palepale oksijeni ya anga letu inapong'aa, hicho sikigusi.