Mkimbia Mwanga wa Kisima cha Abingdon

Mwaka 1882, Oliver Perry Hay, mwanasayansi wa Kimarekani ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa utafiti wake wa visukuku vya kasa, alieleza kwa mara ya kwanza kijinyama kilichopatikana ndani ya kisima huko Abingdon, katika jimbo la Illinois. Alikiita Crangonyx lucifugus, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "mkimbia mwanga". Siku hizi kimehamishiwa jenasi ya Stygobromus, na orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile linalofuatilia hali ya viumbe, inakihesabu miongoni mwa spishi zilizotoweka.

Huyu ni amfipoda, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Amfipoda ana mgongo uliopinda na mwili mwembamba uliobanwa ubavuni, kana kwamba mtu amemfinya kati ya vidole viwili. Wale wa jenasi ya Stygobromus hawana macho wala rangi, hivyo hutambua njia kwa vipapasio, wakitambaa katika maji ya chini ya ardhi na kula mabaki ya mimea na vijidudu vinavyoletwa na maji yanayopenya kutoka juu. Jike huyabeba mayai katika mfuko ulio chini ya kifua chake, na watoto hutoka wakiwa tayari na umbo la wazazi wao. Kwa kuwa hawapitii hatua ya kiluwiluwi anayeelea na kusombwa mbali, spishi nyingi za jenasi hii zimebaki katika eneo dogo sana, na maji ya eneo hilo yakichafuliwa au yakikauka, hazina pa kukimbilia.

Kwa Kiingereza anaitwa amfipoda wa pangoni, ingawa alitoka kisimani, na hapo ndipo ninapopata shaka kidogo kama kweli ametoweka. Kisima si makao yake. Ni tundu tulilolichimba sisi kwa haja zetu, likatokea kupita katika nyufa anamoishi. Sisemi kwamba IUCN imekosea, ila kumtafuta mnyama wa namna hii ni sawa na kuchungulia nyumba nzima kupitia tundu la ufunguo.

Mfano wa pango la Shelta, mjini Huntsville katika jimbo la Alabama, unanipa sababu ya kusita. Popo walipolihama pango hilo baada ya mlango wake kuwekewa lango, kinyesi chao kilichokuwa kikiwalisha viumbe wa majini nacho kikakoma. Kamba wa maji baridi anayeitwa Orconectes sheltae, asiyejulikana kuishi kwingine kokote, hakuonekana tena baada ya mwaka 1988, na wengi wakadhani amekwisha. Mwaka 2019 watafiti wakamkuta jike mmoja, na mwaka uliofuata wakampata dume mmoja. Wawili tu, katika pango ambalo mtu anaweza kuingia mwenyewe, akiwa na taa, na kurudi tena na tena hadi aridhike. Kwa mkimbia mwanga wa Abingdon, mlango tuliokuwa nao ulikuwa mdomo wa kisima, na hakuna mtu awezaye kuzifuata nyufa zile kule chini.